Polisi hawaji, mama

Shangazi, binti yangu wa kidato cha pili alijaribu kujitoa uhai. Ametoka hospitali wiki jana. Hali chakula vizuri, haongei. Jirani anasema polisi watamkamata. Mama mkwe anataka mambo ya chira, ile laana ya kuvunja mwiko, yashughulikiwe kwanza. Mimi ni mchuuzi wa omena hapa Sori, naogopa hata kumgusia. Nifanye nini?
Mama, Karungu

Pole sana, mama. Nianze na polisi, maana hofu hiyo inaweza kukufanya umfiche mtoto. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kilibatilishwa na Mahakama Kuu Januari 2025. Jaji Lawrence Mugambi alisema kinakiuka Katiba. Hakuna wa kumkamata.

Arudi kliniki tarehe aliyoandikiwa, hata akionekana mzima. Madhara mengine ya ndani huchelewa kujitokeza. Kama hakupangiwa mshauri nasaha, mdai. Chakula kiwe kidogo kidogo, uji na supu. Akilala mchana, mwache.

Sasa hilo la kumgusia. Muulize waziwazi: “Bado unawaza kujiua?” Swali hilo halimpandikizii wazo. Linamwonyesha kuwa kuna mtu anayeweza kulisikia jibu. Akisema ndiyo, usimhubirie, wala usilie mpaka awe yeye wa kukubembeleza. Kaa naye, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Usiku ukiwazidi, pigeni 116 ya Childline, ni bure. Kuna pia Befrienders Kenya, 0722 178 177. Na usiulize mara moja ukanyamaza.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni alfajiri. Mashua za omena zinapotia nanga wewe uko ufuoni, naye yuko peke yake. Wiki za kwanza baada ya kutoka hospitali ndizo za hatari kubwa, kwa hiyo dadako alale hapo, au binti afuatane nawe. Dawa zote, za watu, za mifugo na za shamba, zifungiwe, ufunguo ukae nao wewe.

Kuhusu chira sitakugombanisha na mama mkwe. Vita hivyo navijua. Afanye ya kwake, mradi kliniki isiahirishwe na mtoto asisimamishwe mbele ya ukoo kusutwa.

Shule isubiri kidogo. Zungumza kwanza na mwalimu wa darasa, aanze hata kwa nusu siku. Wenzake watamuuliza alikuwa wapi. Ketini mchague jibu analoweza kulitoa bila kutetemeka. “Nilikuwa mgonjwa” linatosha, na ni kweli.