Kilo zetu ndani ya ordinatere

Ndugu wanamemba, koperative za kahawa huku Kalehe na Idjwi zimeanza kuweka hesabu ndani ya Excel. Wengine kati yenu wanaogopa kuuliza. Wanasema: "Kama mashine imehesabu, basi ni kweli." Hapana. Mashine inahesabu tu kile ilichoelewa.

Karatasi ya Excel inafanana na daftari la kupimia. Mistari iko na namba 1, 2, 3; safu ziko na herufi A, B, C. Pale mstari na safu zinakutana, ni kisanduku, na kila kisanduku kiko na jina lake: C2, C3, C4. Tuweke jina la mkulima katika A, tarehe katika B, kilo katika C. Ordinatere zetu nyingi zinatumia Kifaransa, kwa hiyo jumla inaandikwa =SOMME(C2:C6). Alama ya = isikose mwanzoni, bila hiyo mashine haihesabu kitu.

Sasa tuangalie vizuri, maana ni hapa feza inapotelea. Tuseme wakulima 5 wameleta kahawa mbivu, na karani ameandika 45, kisha 38,5, kisha 52 kg, kisha 27.5, kisha 60. Jumla ya kweli ni kilo 223. Excel ya Kifaransa itatoa 143,5. Juu ya nini? Karani akiongeza "kg", kile kisanduku kinageuka maneno. Na Kifaransa kinataka virgule, si nukta, kwa hiyo 27.5 nayo inahesabiwa kuwa maneno. SOMME inaruka maneno, tena kimya kimya. Kilo 79,5 za watu wawili hazimo. Kama kilo moja ni 1 000 FC, ni 79 500 FC.

Kugundua si vigumu. Kama karani hajabadilisha mpangilio, hesabu zinaegemea upande wa kuume wa kisanduku, maneno upande wa kushoto. Pitisheni macho kwenye safu C: ile inayoegemea kushoto iandikwe upya. "Kilo" inaandikwa mara moja tu, juu ya safu.

Kwa mkutano mkuu, wengi wanapenda kuonyesha hesabu ukutani kwa PowerPoint. Ni vizuri, lakini msibandike karatasi nzima ya Excel pale. Mama aliyekaa nyuma ataona mchwa tu. Ukurasa mmoja, hesabu moja, herufi kubwa: kilo tulizopokea, kisha bei tuliyouzia, kisha feza iliyolipwa wakulima. Daftari la karatasi libaki mezani, maana esansi ya jenereta inaweza kuisha katikati ya maneno. Na mwanamemba akiomba kuona mstari wake, karani amfungulie Excel palepale, walinganishe na kile kikaratasi alichopewa siku ya kupima.