SOMO LA KUJIFUNZA: TUANDAEJE KUMBUKUMBU YA VITA VYA MAJI MAJI?



Mwaka 2030 itatimia miaka 125 tangu Vita vya Maji Maji vilipoanza. Wenzetu wa Songea hufanya kumbukumbu kila tarehe 27 Februari, siku ambayo Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Wangoni mwaka 1906. Lakini vita vyenyewe vilianzia huku kwetu, katika vilima vya Umatumbi, Julai 1905, watu wa Nandete walipong'oa pamba ya shuruti. Yafaa basi mkoa mzima wa Lindi ujiandae mapema. Tukingoja mpaka mwezi wa mwisho, tutapata maturubai, vipaza sauti na hotuba, basi.

Mwalimu haingii darasani bila azimio la somo. Hulijua lengo kabla hajashika chaki. Na sisi tufuate mpango huo huo.

1. Lengo: tunamkumbuka nani?

Wengi watajibu upesi: mashujaa. Ni kweli, lakini jibu hilo halijatimia. Upande wa Wajerumani walikufa Wazungu 15 tu, na Waafrika 389, askari pamoja na rugaruga. Maana yake ni kwamba mara nyingi aliyeshika bunduki na aliyepakwa maji wote walikuwa watu weusi. Vita vile vya kumpinga mgeni vilitugawa pia sisi kwa sisi.

Kanisa letu nalo limo. Agosti 1905 misheni ya Masasi ilichomwa moto, na wamisionari wakakimbilia Lindi. Misheni ya Wabenediktini ya Nyangao iliteketezwa pia, na Askofu Cassian Spiss aliuawa pamoja na wenzake karibu na Liwale tarehe 14 Agosti. Ukoo mmoja waweza kuwa na babu aliyekunywa maji, na babu mwingine aliyekimbia na misheni. Kumbukumbu itakayomtukuza mmoja na kumficha mwingine itawaacha wajukuu wakinong'onezana nyuma ya turubai.

Kisha kuna walio wengi kuliko wote, nao hawakushika silaha yoyote. Wajerumani walichoma vijiji na vyakula, njaa ikaja. Hesabu yao wenyewe ilikuwa watu 75,000 waliokufa. Wanahistoria wa baadaye wamekadiria 250,000 mpaka 300,000. Walio wengi waliuawa na njaa na maradhi. Mama aliyekufa shambani na mtoto mgongoni hana sanamu. Huyo ndiye wa kuanza naye.

2. Siku na mahali

Tusiazime tarehe ya Songea. Februari ni masika, barabara zetu twazijua. Julai na Agosti ni kiangazi, mavuno yako ghalani, tena ndiyo miezi yenyewe ya vita huku kwetu. Tarehe 25 Julai ni Siku ya Mashujaa ya taifa, na yaweza kuwa mlango wa kuingilia.

Tena kumbukumbu isikusanywe yote Lindi mjini. Itembee kama vita vilivyotembea: ianzie Nandete mwishoni mwa Julai, ifike Liwale katikati ya Agosti, iende Nyangao mwishoni mwa mwezi huo, na kila kata, Ruponda ikiwamo, iwe na siku yake. Mzee asiyeweza kupanda basi, kumbukumbu imfuate nyumbani kwake.

3. Kazi ya kufanya tangu sasa

(a) Kukusanya habari. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walitumwa vijijini kuandika maneno ya wazee waliovikumbuka vita. Wazee wale wametangulia, lakini wajukuu wao tunao. Kila shule iwe na daftari: majina, makaburi, mahame, nyimbo.

(b) Shule. Wanafunzi wacheze "Kinjeketile", tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyotolewa mwaka 1969. Lakini wafundishwe kwamba tamthilia ni tamthilia. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliishi kweli, na alinyongwa Agosti 1905.

(c) Kamati. Wawemo wazee wa mila, masheikh, mapadre, walimu na akina mama. Isiwe kamati ya maofisa peke yao.

(d) Chakula. Siku ya kuwakumbuka waliokufa kwa njaa tusipike pilau. Tuchemshe ming'oko, tunayoichimba porini chakula kinapopungua. Mtoto atauliza kwa nini, naye mkubwa atakuwa amepata nafasi ya kumweleza.

(e) Wageni. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea akaomba msamaha. Wajerumani wakialikwa huku, waje kwanza kusikiliza. Nasi tuliogawanyika tusikilizane kabla yao, kwa maana si haki kudai neno la kweli kutoka kwa mgeni huku sisi wenyewe tukifichana.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika ukoo wako, nani alikuwa upande gani mwaka 1905? Nani bado anayajua majina yao?
2. Je, jina la aliyekuwa askari wa Mjerumani liandikwe pamoja na mengine? Toa sababu.
3. Kijijini kwako ni mahali gani panapostahili kuwekwa alama, na nani atapatunza sherehe ikishakwisha?

Majibu ya swali la kwanza yaandikwe mwezi huu huu. Wanaoyajua wanapungua kila mwaka.