Kukawia, Kuselelea na Kuzurura: Usawe wa Vitenzi vya Kiingereza vya Kukaa na Kwenda Polepole katika Tafsiri ya Kiswahili

Utangulizi

Kiingereza kina kundi kubwa la vitenzi vinavyotaja hali ya mtu kuendelea kuwapo mahali au kwenda bila haraka: "linger", "tarry", "loiter", "dawdle", "plod", "trudge", "saunter" na vinginevyo. Kamusi nyingi huviorodhesha kama visawe. Mwanafunzi wa tafsiri naye aghalabu huviwekea neno moja la Kiswahili, hasa "kawia" au "chelewa", kisha akaongeza kielezi "polepole" pale panapohusu mwendo. Makala haya yanadai kuwa utaratibu huo una kasoro mbili. Kwanza, unaficha utajiri wa Kiswahili chenyewe. Pili, katika miktadha kama ya mahakama, unaweza kumdhuru mtu.

Usawe na mipaka yake

Ni nadra kwa maneno mawili kulingana kimaana katika miktadha yote. Visawe hutofautiana kwa maana ya msingi, kwa rejista na kwa hukumu ambayo neno hubeba. "Linger" na "long" yana asili moja: dhana ya urefu, hapa urefu wa muda. Halina lawama, wapendanao huweza kufanya hivyo langoni, na harufu ya udi huweza kufanya hivyo chumbani. "Tarry" linakaribiana nalo kimaana, lakini limechakaa na husikika zaidi katika maandiko ya kale. "Dawdle" lina lawama nyepesi ya kupoteza wakati. "Loiter" lina lawama nzito: anayetajwa kwalo hushukiwa.

Vitenzi vya kukaa

Kiswahili nacho kina tofauti zake. "Chelewa" hunasibishwa na kitenzi "-cha", yaani usiku kwisha na mapambazuko kuingia. Aliyechelewa, kwa asili, ni aliyekutwa na kucha. Ndiyo maana kitenzi hiki hudai kipimo cha nje: saa ya mtihani au saa ya gari kuondoka. "Kawia" hupima muda wenyewe. Mgeni aweza kukawia kwa mwenyeji wake bila kuchelewa popote. Ingawa katika mazungumzo ya leo vitenzi hivi huingiliana, tofauti hiyo humfaa mfasiri. "Limatia" lina ladha ya kale na laweza kusimama pale "tarry" lisimamapo. "Taahari" lina asili ya Kiarabu na ni ndugu wa "ahirisha".

Pana pia "selelea", yaani kukaa mahali kwa muda mrefu kuliko ilivyotarajiwa, kana kwamba kuondoka kumesahaulika. "Shinda" hutaja kukaa mchana kutwa, na "kesha" kukaa macho usiku. "Zubaa" ni kukaa akili ikiwa imepotea. "Barizi", lenye uhusiano na "baraza", ni kukaa nje, aghalabu jioni, kwa mazungumzo na kupunga upepo. Kitenzi hiki cha mwisho kina uzito wa pekee. Kinaonyesha kwamba katika utamaduni wa Waswahili, kukaa nje bila kazi mkononi si kosa, bali ni sehemu ya uungwana na ujirani.

Vitenzi vya mwendo

Katika mwendo, Kiswahili hutazama sana sababu ya upole. Mchovu hujikokota, na hapo "plod" na "trudge" hupata makao. Mkongwe au mgonjwa hujikongoja. Mwenye jeraha mguuni huchechemea. Mtoto mchanga hutambaa. Mwenye kuvizia hunyata au hunyemelea. Asiyetaka kufika hujivuta. Kielezi "polepole" hakihitajiki katika mifano hii, kwa kuwa kitenzi chenyewe kimekwisha kukibeba.

Ibainike pia kwamba pale Kiingereza kinapotumia neno jipya, Kiswahili mara nyingi hutumia mofolojia. Kirejeshi "-ji-" katika "jikokota" na "jivuta" humfanya mtendaji kuwa mzigo wake mwenyewe. Uradidi nao huleta maana ya kurudiarudia au kutokuwa na azma: "ngojangoja", "sitasita", "tembeatembea". Hivyo, wanafunzi wanaopoteza wakati njiani "wanajivutavuta", na tafsiri imetimia. Methali "chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako" inapata nguvu yake kwa njia iyo hiyo.

Tatizo la "loiter"

Neno hili hufasiriwa mara nyingi kuwa "zurura". Tafsiri hiyo imezoeleka, ila ina kasoro ya msingi. "Zurura" ni kwenda huku na huko bila shughuli, ilhali "loiter" hasa ni kubaki mahali pamoja. Chukuliwe mfano wa shahidi anayesema kwa Kiingereza kwamba mshtakiwa alikuwa katika hali hiyo mbele ya duka. Mkalimani akisema "alikuwa akizurura", mshtakiwa aliyesimama akingoja gari atajibu kwa haki kabisa kwamba hakuzurura. Jibu lake litaonekana kuwa ukaidi, kumbe amekana jambo ambalo shahidi hakulisema. "Alikuwa amesimamasimama mbele ya duka" yangekaribia zaidi tendo lenyewe, na kuiachia mahakama kazi ya kuhukumu.

Jambo hili si dogo. Ibara ya 50 ya Katiba ya Kenya ya 2010 humpa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya mahakama haki ya kupata mkalimani bila malipo. Haki hiyo hupungua thamani iwapo neno la mkalimani limekwisha kumhukumu. Tena, sheria za uzururaji katika makoloni mengi ya Uingereza zilitokana na sheria za Kiingereza, hasa ile ya 1824. Tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, ilitoa maoni ya ushauri kwamba sheria za aina hiyo haziafikiani na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Msingi wa tatizo ni kumwadhibu mtu kwa hali yake, wala si kwa tendo lake. Mfasiri asiyetenganisha tendo na lawama hurudia kosa hilo kwa njia ya msamiati.

Hitimisho

Mfasiri anapokutana na kitenzi cha kundi hili yampasa kujiuliza maswali matatu: Je, mtendaji amekaa au anakwenda? Upole wake unatokana na nini? Ni nani anayelaumu: tendo lenyewe au msemaji? Akiyajibu, atapata neno katika hazina ya Kiswahili, ama kitenzi kizima, ama kiambishi, ama uradidi. Walimu wa tafsiri nao wangefaa kuvifundisha vitenzi hivi kwa miktadha badala ya orodha. Kati ya anayebarizi na anayezurura huenda pasiwe na tofauti yoyote ya kuonekana kwa macho. Tofauti huletwa na neno analochagua msemaji.