Somo la afya: Tukienda kusoma Ubelgiji

Ndugu wanafunzi, kati yetu kuko wenye watafika siku moja kusoma Ubelgiji. Tushike mambo matatu mbele ya kuondoka.

1. Mutueli. Ni chama cha kusaidiana juu ya ugonjwa. Tukishaandikwa ku chuo, tujiandikishe humo mbio, tusingojee kugonjwa. Kwa kawaida tunalipa munganga, kisha mutueli inaturudishia sehemu ya feza.

2. Homa. Tusiseme, «Ni baridi tu.» Malaria tuliyotoka nayo inaweza kujificha mwilini juma nyingi, na munganga wa kule haioni kila siku. Tumwambie wazi, «Nimetoka Congo,» tuombe apime damu siku ile ile. Tena, kisha miaka kule, mwili unapoteza nguvu ya kupigana na malaria. Tukirudi kwetu likizo, tulale ndani ya chandarua, tumeze dawa ya kujikinga.

3. Ugonjwa ukizidi usiku, tupige simu 112. Haitaki feza.

Tusione haya kusema kwetu ni wapi. Kunyamaza kunaweza kuua mutu.

Ulizo: Kwa nini munganga wa Ubelgiji anaweza kusahau malaria?