Mboga za Porini na Majira Yake

Katika somo hili twataka kutazama chungu cha mama wa Ugogo, yaani nchi ya Dodoma na kandokando yake, jinsi kinavyofuata majira. Mvua ya huko ni ya msimu mmoja tu, tangu Desemba hata Aprili. Miezi mingine ni kiangazi. Mgeni apitaye mwezi wa Septemba huona vumbi na mibuyu isiyo na majani, akajiuliza watu hula nini. Lakini miezi ya taabu hasa si hiyo. Ghala huwa tupu Januari na Februari, mtama ungali mchanga shambani, na wakati huo huo pori ni la kijani kuliko siku zote. Ugali ni haba, mboga ni tele. Katika njaa kuu iitwayo Mtunya, ya miaka 1917 hata 1920, watu wengi walikufa, na wengi waliosalia walitafuta riziki porini. Basi maarifa haya si mchezo wa watoto.

Mvua ikinyesha, mgagani huota penye samadi na katika mashamba ya zamani. Ni mchungu, kwa hiyo hupikwa na karanga zilizotwangwa au maziwa. Mafuta ya karanga hayaleti utamu tu, bali husaidia mwili kuipokea vitamini A iliyomo majanini, ambayo macho ya watoto yaihitaji sana. Tena kuna mlenda. Huo si mmea mmoja, ni jina la majani mengi yenye utelezi. Hutiwa katika maji yachemkayo pamoja na magadi, ukakorogwa mpaka uvutike. Magadi yawe kidogo sana, kwa kuwa yakizidi huharibu vitamini. Na majani yasichemshwe muda mrefu, wala maji yake yasimwagwe ovyo. Wako vijana waonao haya kuandaa mlenda mbele ya wageni. Sisi hatuoni sababu ya haya hiyo.

Mvua za kwanza huleta pia kumbikumbi, ambao katika nchi nyingi za bara hukaangwa kwa mafuta yao wenyewe, na uyoga utokao penye vichuguu, mtamu kama nyama. Hapa twasema kwa nguvu: usile uyoga usiojulikana kabisa na wazee wa mahali pale. Watu husema kwamba uyoga ulioliwa na wadudu hauna sumu, au kwamba kuchemsha huiondoa. Si kweli. Sumu iliyo mbaya kuliko zote haiondoki kwa moto. Mtu hula jioni, akalala vizuri, na baada ya saa sita au zaidi huanza kutapika na kuharisha. Kisha hupata nafuu, na watu wa nyumbani hufurahi, kumbe ini lake laendelea kuharibika. Apelekwe hospitali upesi, hata akionekana amepona, na mabaki ya uyoga yachukuliwe pamoja naye.

Sasa twaja kwa kazi ambayo wengi huiahirisha mpaka majani yamekomaa. Mlenda na majani ya kunde yakaushwe yangali laini, wakati yamejaa kila mahali. Kunde huchemshwa kidogo kwanza. Mlenda hukaushwa, ukatwangwa kuwa unga. Wengi huanika juani juu ya miamba, kwa kuwa ni upesi, lakini jua kali huharibu sehemu kubwa ya vitamini A. Kivulini penye upepo ni afadhali, ijapokuwa siku huongezeka na mtu hana budi kuyageuza mara nyingi yasiote ukungu. Unga huo ukihifadhiwa pakavu hutumika kiangazi chote. Sokoni Dodoma huuzwa.

Kiangazi nacho kina vyake, ukwaju na ubuyu. Ubuyu una vitamini C nyingi, nayo huharibiwa na moto. Kwa hiyo uloweke katika maji, ukoroge mpaka unga uachane na mbegu, uchuje. Uji ukiisha kuiva, uuepue kwanza, uache upoe kidogo, ndipo utie maji hayo ya ubuyu. Mbegu zisitupwe, zaweza kukaangwa na kutafunwa.