NINGALIJUA: SOMO LA KIINGEREZA KATIKA GHUBA YA CHOLE

Kati ya kisiwa cha Chole na pwani ya Utende, katika Mafia, maji hujaa na kupwa mara mbili kila mchana na usiku. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hutoka sana, na mafungu ya mchanga huonekana mahali palipopita vyombo saa chache kabla. Asiyezijua saa za maji haitwi baharia.

Palikuwa na mzee mmoja wa Chole, mvuvi, aliyekaa na mjukuu wake. Siku moja ya bamvua bibi yake yule kijana alishikwa na homa kali, ikapasa avushwe mpaka Utende, apate kuchukuliwa hospitali ya Kilindoni. Mzee akasema, “Mjukuu wangu, shuka pwani sasa hivi, uukokote mtumbwi mpaka penye kina. Maji yameanza kupwa.”

“Vyema, babu,” akajibu kijana, akaenda. Lakini njiani aliwakuta wenzake wakicheza, akasimama kutazama. Alipofika pwani, mtumbwi ulikuwa umekaa juu ya mchanga mkavu, na maji yako mbali. Akaja babu, wakasukuma wote wawili, haukwenda. Bibi akalazwa kivulini pwani, akingoja maji yarudi, na homa ikazidi. Saa nyingi zilipita ndipo mtumbwi ukaelea. Walivuka jioni, naye akatibiwa akapona, lakini mganga alisema, “Mngalichelewa mpaka kesho, huenda angalikufa.”

Usiku kijana akalia, akasema, “Babu, ningalikwenda mara ile, bibi asingaliteseka.”

Mzee akajibu, “Kweli, mjukuu wangu. Lakini ‘ningalijua’ huja kinyume, wala hairudishi maji. Kesho ukiambiwa ‘yakupasa’, nenda maji yakiwamo.”

Maneno ya mzee huyo yana sarufi ndani yake. Kuna maneno ya kusema maji yakiwamo bado, na maneno ya kusema maji yakiisha kutoka. Kiingereza nacho kina namna hizo mbili.

I. MAJI YAMO BADO

You must go now. — Yakupasa uende sasa.
You should go now. — Yafaa uende sasa.
He can push the canoe. — Aweza kuusukuma mtumbwi.
They may come tomorrow. — Huenda wakaja kesho.

Maneno haya, must, should, can, may, hayaongezwi s hata mtendaji akiwa mmoja. Wala hayafuatwi na to. Husemwi “he cans” wala “he must to go”.

II. MAJI YAMEKWISHA KUTOKA

You should have gone. — Ingalifaa uende, lakini hukuenda.
He could have pushed it. — Angaliweza kuusukuma, lakini hakuusukuma.
They may have gone. — Huenda wamekwenda, hatujui.
They must have gone. — Bila shaka wamekwenda; hatukuwaona, ila mtumbwi wao haupo.

Hapa kila neno hufuatwa na have, na baada ya have huja umbo la tatu la kitendo: go, went, gone. Neno have halibadiliki kuwa has. Mwanafunzi aandikaye “He should has went” amekosa mara mbili.

III. MITEGO MIWILI

Mtego wa kwanza ni must have. Wengi hudhani maana yake ni “ilimpasa”. Sivyo. He must have gone ni maneno ya mtu aliyeona alama akakata shauri kwamba mwenzake amekwenda. Wajibu wa jana husemwa hivi: He had to go, yaani ilimpasa, naye alikwenda. Kama ilimpasa lakini hakuenda, kama yule kijana wa Chole, husemwa: He should have gone.

Mtego wa pili ni mkubwa zaidi, maana unatoka katika lugha yetu wenyewe. Kiswahili hutia -ngali- pande zote mbili: Angalikwenda, bibi asingaliteseka. Kwa hiyo mwanafunzi hutia would pande zote mbili, akaandika: “If he would have gone, she would not have suffered.” Hilo ni kosa. Upande wa if huchukua had. Would have hukaa upande wa pili tu: If he had gone, she would not have suffered.

Tena, watu wengi wakizungumza huweka -nge- mahali pa -ngali-, na msikilizaji hufahamu kwa habari inayosimuliwa. Kiingereza hakina ruhusa hiyo: would go ni maji yamo, would have gone ni maji yametoka.

MAZOEZI

A. Someni habari hii. Mwaka 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha katika midomo ya mto Rufiji, ng’ambo ya Mafia. Waingereza waliitwaa Mafia mwezi wa Januari 1915. Tarehe 11 Julai 1915 manowari zao Severn na Mersey ziliipiga Königsberg kwa mizinga mpaka ikaharibika. Wapigaji hawakuweza kuiona, maana miti ya mikoko iliikinga. Ndege zilizoruka kutoka Mafia ndizo zilizowaonyesha risasi zinaangukia wapi.

Sasa fasirini kwa Kiingereza:
1. Ndege zisingaliruka, wapigaji wasingalijua risasi zinaangukia wapi.
2. Mabaharia wa Königsberg bila shaka walizisikia ndege.

B. Sahihisheni:
1. He must to tie the boat.
2. She should has waited.
3. If I would have known, I would have come.

C. Jibuni kwa Kiswahili:
1. Babu alitaka kijana afanye nini, na kwa nini wakati ule ule?
2. Kijana alipolia usiku, je, alisema maneno ya maji yamo au ya maji yametoka?
3. Andikeni jambo moja mliloambiwa leo “yakupasa”, ambalo maji yake yamo bado. Kisha nendeni mkalifanye.