Mpe Mtoto Zamu ya Kusema



Ndugu zangu wanafunzi, wengi wetu tukirudi nyumbani likizo hukabidhiwa watoto wa madrasa tuwafundishe. Mimi nina darasa la watoto wa miaka 8 hadi 12 hapa Buyenzi, Bujumbura. Mwambie mmoja wao asome Suratul Mulk, ataisoma bila kusita. Muulize, "Wewe unaonaje?" atainamisha kichwa. Somo letu la leo ni namna ya kumsaidia mtoto huyo kwa mazungumzo ya kikundi.

Kwanza tuondoe dhana moja. Wapo wanaoona kuwa mtoto akinyamaza mbele ya wakubwa, hiyo ndiyo adabu yote. Tuitazame hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim. Mtume (s.a.w.) aliwauliza masahaba kuhusu mti usiopukutisha majani, ambao mfano wake ni kama Muislamu. Watu wakafikiria miti ya jangwani. Abdullahi bin Umar, aliyekuwa mdogo barazani, alijua kuwa ni mtende, lakini akaona haya kusema mbele ya wakubwa. Baadaye alipomweleza baba yake, Umar (r.a.) hakumsifu kwa kunyamaza. Alimwambia kuwa angefurahi zaidi lau angelisema.

Umar huyo huyo, alipokuwa khalifa, alimketisha kijana Ibn Abbas pamoja na wazee wa Badr, akamuuliza maana ya Suratun Nasr mbele yao. Basi adabu ni kujua namna ya kusema na wakati wa kusema. Hilo halijulikani bila mazoezi.

Jambo hili si dogo. Mtoto wa mtaa wetu husema Kiswahili nyumbani, hukuta Kirundi shuleni, kisha Kifaransa. Asipojiamini katika lugha moja, hujificha katika zote tatu. Zito zaidi ni hili: mtoto aliyezoeshwa kunyamaza mbele ya kila mtu mzima, atanyamaza pia siku mtu mzima atakapomdhuru. Tunapomfundisha kusema, tunamlinda.

Sasa tufanyeje? Haya ndiyo ninayoyafuata darasani kwangu.

1. Vikundi viwe vidogo. Watoto 5 au 6 wakae duara, na mwalimu akae mkekani pamoja nao. Katika kundi la watoto 40 husema walewale watatu kila siku.

2. Uliza swali lenye majibu zaidi ya moja. "Nguzo za Uislamu ni ngapi?" ni swali la mtihani. Lakini uliza hivi: "Umeokota noti ya faranga 5,000 njiani kwenda sokoni, na njaa inakuuma. Utafanya nini?" Hapo kila mtoto ana la kusema, na somo la uaminifu linaingia lenyewe.

3. Waanze wawili wawili. Kila mtoto amwambie jirani yake kwanza, kisha ndipo aseme mbele ya kikundi. Mwenye haya hupata ujasiri akishasikilizwa na mmoja.

4. Subiri. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, aligundua miaka ya 1970 kuwa walimu husubiri jibu kwa takriban sekunde moja tu. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu ya wanafunzi yalirefuka na waliokuwa kimya wakaanza kusema. Ukiuliza, vuta subira kimoyomoyo.

5. Anayesema ashike kitu. Sisi tunatumia kijiti. Asiye nacho anasikiliza. Na kabla ya kutoa maoni yake, kwanza aseme alichosikia kwa mwenzake: "Hamisi amesema hivi, mimi naona hivi." Hapa mtoto hujifunza kupinga neno bila kumtukana mwenye neno.

6. Wasichana wapate zamu sawa na wavulana. Kijiti kizunguke duara lote, kisisubiri wanaonyoosha mikono. Asiye tayari aseme "nipite," kisha kimrudie mwishoni.

7. Mwalimu aseme mwisho. Ukitoa jibu mapema, umefunga mjadala. Na mtoto akikosea usiache wenzake wamcheke. Muulize, "Kwa nini umeona hivyo?" kisha msahihishe kwa upole.

Usitarajie mabadiliko kwa wiki moja. Kuna mtoto atakayepitisha kijiti Jumapili nne mfululizo. Mwache ashike kijiti, hata asiposema. Siku moja atasema.

Ndugu msomaji, Nabii Musa (a.s.), alipotumwa kwa Firauni, alimuomba Allah amfungue fundo la ulimi wake ili watu wafahamu maneno yake. Ikiwa Mtume wa Mwenyezi Mungu aliomba hilo kabla ya kazi kubwa, nasi tuwaombee watoto wetu. Kisha tuwape nafasi ya kuutumia ulimi huo.

Allah atujaalie tuwe walimu wenye kusikiliza. Aamiin.